Ukuta wa Inchi Mbili: Historia Fupi ya Trela, Jirani na Kelele

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana mlango waliouzungumzia ulikuwa wao wenyewe. Mlango wa jirani ni habari nyingine kabisa. Na mlango wa jirani ambaye kitanda chake kipo hatua sita kutoka kwenye mto wako, ndani ya nyumba ya bati yenye magurudumu, bwana, huo una historia yake. Leo nataka tuizungumze.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: Waamerika wana nyumba wanazoziita kwa herufi mbili tu, RV. Ni basi dogo lililogeuzwa nyumba, au trela inayovutwa na pikapu, na ndani kuna kitanda, jiko, choo na bafu la kujibana. Kuna viwanja maalumu vya kuziegesha. Kila mtu hupewa kipande chake chenye bomba la maji, soketi ya umeme na tundu la majitaka, na wa pili yuko hapo hapo ubavuni. Kwenye sinema tunawaona watu wakienda likizo nazo, wanachoma nyama, mbwa anakimbia. Ukienda kwenye viwanja vyenyewe unakuta wengi hawako likizo hata kidogo. Kuna mafundi wa mikataba ya miezi mitatu, wauguzi wa muda, wastaafu ambao pensheni haifikii kodi ya nyumba, na familia zilizopoteza nyumba zikabaki na gari.

Mimi niliishi kwenye kiwanja kimoja cha namna hiyo kwa miezi mitano, nje kidogo ya jiji kubwa la Texas. Binamu yangu alikuwa na trela, akapata kazi jimbo jingine, akanipa funguo. Nilikuwa naandikia gazeti la nyumbani, na kodi ya chumba mjini ingemeza malipo yangu yote. Ukuta wa ile trela ulikuwa na unene wa inchi 2 hivi: alumini kwa nje, povu katikati, ubao mwembamba ndani. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya bila kunyanyuka kitandani.

Nilikolala upande mmoja kulikuwa na barabara kuu ya malori. Upande wa pili kulikuwa na reli. Mbele, umbali wa kama kilomita moja, minara ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Nilidhani ni bahati mbaya ya kiwanja kile. Nilipoanza kusoma historia ya makazi haya ndipo nikaona kwamba bahati haikuhusika sana. Kelele zile zilipangwa, polepole, kwa karibu miaka mia moja, na waliozipanga walikuwa watu waliotaka kuzikwepa.

Tuanze mwaka 1919, Tampa, Florida. Magari ya Ford Model T yalikuwa yameshashuka bei kiasi cha mkulima wa kawaida kumudu, na watu wa kaskazini walianza kukimbia baridi kwa kuendesha hadi Florida na kulala kambini. Pale kwenye bustani ya De Soto wakaanzisha chama, wakakiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo. Alama yao ilikuwa kopo la bati lililobandikwa kwenye kifuniko cha rejeta. Hawakuwa wahuni. Chama chao kilihimiza kambi safi, burudani za heshima na tabia njema. Lakini wenyeji wa Florida walikuwa na utani wao: kwamba mtalii wa kopo anakuja na shati moja na noti moja ya dola 20, na hatabadilisha chochote kati ya hivyo viwili hadi arudi kwao.

Utani huo unachekesha, ila usikie kilichomo ndani yake. Mgeni anayekuja na nyumba yake halipi hoteli, halipi kodi ya ardhi, hajulikani ataondoka lini. Mji unamtaka kwa petroli atakayonunua, lakini haumtaki awe jirani. Kuanzia hapo swali la trela likawa: tuwaweke wapi hawa?

Jibu lilipata nguvu ya kisheria mwaka 1926, na wala kesi yenyewe haikuhusu trela. Kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, kilikuwa kimegawa ardhi yake kwa kanda: hapa nyumba za familia moja, pale maghorofa ya kupanga, kule viwanda. Kampuni ya ardhi iitwayo Ambler ikapinga. Mahakama Kuu ya Marekani ikakipa ushindi kijiji. Katika hoja zake mahakama ilitaja kelele na msongamano wa magari kama sababu halali za kuyaweka maghorofa mbali na nyumba za familia. Baada ya hapo miji kwa mamia ilijitungia sheria za kanda, na trela zilipoanza kuwa makazi ya kudumu, miji mingi ikazisukuma pembezoni, kwenye ardhi ambayo hakuna mwingine aliyeigombea. Ardhi ya aina gani hiyo? Ile ya kando ya reli, kando ya barabara kuu, nyuma ya kiwanda.

Hebu tulia hapo kidogo. Watu walihamishwa kwa kisingizio cha kelele, wakapelekwa kwenye kelele. Halafu, wakiwa huko, wakapangwa bega kwa bega kwa sababu mwenye kiwanja anapata pesa kwa idadi ya vipande. Baada ya miaka kadhaa mtu anapita na gari, anasikia ule ukumbi wote unavyonguruma, anasema, “Unaona? Hawa watu wa matrela wana kelele.”

Miaka ya 1930 ilileta mdororo wa uchumi, na trela zikawa biashara kubwa ghafla. Katikati ya muongo huo mtabiri wa mambo ya uchumi Roger Babson alisema kwamba ndani ya miaka 20 nusu ya Waamerika wangekuwa wanaishi kwenye trela. Mwaka 1936 Wally Byam akatoa Airstream Clipper, ile trela ya alumini inayong'aa kama yai la fedha. Utabiri wa Babson haukutimia, lakini ulionyesha hofu na matumaini ya wakati ule: labda ardhi si lazima, labda magurudumu yanatosha.

Wakati huohuo kulikuwa na wale wasio na hata trela. Familia za wakulima kutoka Oklahoma, Texas na Arkansas, waliofukuzwa na ukame, vumbi na madeni, walikuwa wanalala kando ya mitaro ya California, kwenye mahema na magari mabovu. Hapa ndipo mpenzi wa fasihi anapochangamka, maana mwaka 1936 gazeti moja la San Francisco lilimtuma John Steinbeck akaandike habari zao. Akafika kwenye kambi ya serikali karibu na Arvin, katika bonde la San Joaquin, iliyojulikana pia kama Weedpatch. Msimamizi wake aliitwa Tom Collins, mtu aliyekuwa akiandika ripoti ndefu za maisha ya kambi ile: nani kaumwa, nani kagombana, nyimbo gani zimeimbwa. Ripoti hizo zilimsaidia sana Steinbeck alipoandika The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka 1939. Tom mmojawapo anayetajwa kwenye ukurasa wa kutabaruku ndiye huyo.

Kambi ya Weedpatch ilikuwa na jambo moja ambalo wengi wetu tulilipita haraka tulipoisoma riwaya, kwa sababu tulikuwa tunasubiri kujua familia ya Joad itafika wapi. Wakazi walijitawala. Walichagua kamati zao wenyewe. Usafi wa vyoo una kamati, burudani ina kamati, ugomvi una kamati. Ukipiga kelele, anayekuja kugonga kwako ni mtu mliyempigia kura, ambaye naye analala kwenye hema kama lako.

Na Steinbeck alielewa kwa nini hilo lilikuwa na uzito. Kwenye riwaya, wenye mashamba wanaichukia kambi ile kwa sababu polisi hawawezi kuingia ovyo. Wanapanga njama: Jumamosi usiku, wakati wa dansi, watume vijana wachokoze ugomvi. Fujo ikitokea, polisi watapata sababu ya kuingia na kuwatawanya watu. Kamati inapata fununu mapema. Wale vijana wanapofika, wanaume wa kambi wanawazunguka kimyakimya, wanawatoa nje bila hata ngumi, na muziki unaendelea. Miaka ile nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kipande cha kusisimua tu. Niliposoma tena nikiwa kwenye trela, niliona kitu kingine: fujo ya usiku ilikuwa ndiyo tiketi ya kumfukuza maskini. Kwa hiyo utulivu kwao haukuwa suala la adabu tu. Ulikuwa ndio mkataba wao wa upangaji.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Marekani ilihitaji viwanda vya silaha haraka kuliko ilivyoweza kujenga nyumba, na serikali ikanunua trela kwa maelfu. Karibu na Ypsilanti, Michigan, Ford ilijenga kiwanda cha Willow Run cha kuunda ndege za kudondosha mabomu za B-24. Mwaka 1943 kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 42,000. Watu walilala kwenye trela, mahema, magereji, vyumba vya chini vya nyumba za watu. Kazi ilienda mchana na usiku kwa zamu, na hilo likaleta aina ya ugomvi wa majirani ambayo vijijini walikotoka haikuwepo. Kijijini watu wote hulala pamoja na kuamka pamoja, jogoo mmoja anawatosha. Hapa usiku wa huyu ni mchana wa yule. Kelele haikuhitaji tena mtu mkorofi, saa za kazi zilitosha.

Kama unataka kuisikia hali hiyo ndani ya fasihi, tafuta The Dollmaker ya Harriette Arnow, ya mwaka 1954. Ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyowania tuzo ya taifa ya vitabu ya 1955, ikashindwa na kitabu cha Faulkner. Arnow mwenyewe aliwahi kuishi kwenye nyumba za muda za wafanyakazi wa vita jijini Detroit, kwa hiyo hakubahatisha. Mhusika mkuu ni Gertie, mwanamke mkubwa wa mwili kutoka milima ya Kentucky, anayechonga mbao kwa kisu. Anamfuata mumewe Detroit na watoto, wanaingia kwenye kijinyumba chenye kuta nyembamba, katikati ya kiwanda cha chuma, reli na uwanja wa ndege. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanajaribu kulala mchana huku watoto wa uchochoroni wakicheza nje. Kila mtu anajua siri za kila mtu. Binti yake mdogo, Cassie, ana rafiki wa kufikirika anayeongea naye kwa sauti, na majirani wanaanza kumcheka. Gertie, kwa kuogopa maneno ya majirani, anamkataza mtoto. Mtoto anaenda kumficha rafiki yake relini. Treni inamuua, na kelele za mahali pale hazimruhusu kusikia mama yake anavyomwita.

Mimi sijui riwaya nyingine inayoonyesha waziwazi namna hii kuta nyembamba zinavyofanya kazi. Arnow haandiki kwamba majirani wa Gertie ni wabaya. Wengine wanamsaidia sana, wanampikia, wanamwazima. Ila mtu akiishi mahali ambapo kila neno lake linasikika, anaanza kujikata sauti mwenyewe, na za wanawe pia.

Wakati huohuo Tennessee kulikuwa na Oak Ridge, mji wa siri uliojengwa kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Kufikia 1945 ulikuwa na watu kama 75,000. Matrela yalikuwepo kwa maelfu. Lakini matrela yale yalikuwa ya wazungu. Wafanyakazi weusi waliwekwa kwenye vibanda vya mbao vya futi 16 kwa 16, visivyo na vioo madirishani, watu kadhaa kwa kibanda, na mke na mume hawakuruhusiwa kulala pamoja. Ukisoma historia ya nani alilala wapi, unaona kwamba unene wa ukuta nao uligawiwa kwa rangi. Kuna waliopewa inchi 2, na kuna waliopewa ubao mmoja na dirisha la wazi. Tunapoulizana nani ana kelele, tuanze kwa kuulizana nani alipewa ukuta.

Baada ya vita trela zikagawanyika ukoo. Mwaka 1954 Elmer Frey wa Wisconsin alianza kutengeneza trela za upana wa futi 10, pana mno kuvutwa na gari la familia. Hizo zikawa nyumba za kuhamishika kwa jina tu, zikifika mahali hazitoki. Zile nyembamba zikabaki za safari, na baadaye ndizo zikaitwa RV. Mwaka 1962, kule Billings, Montana, mfanyabiashara Dave Drum aliona magari yanapita kwenda kwenye maonyesho makubwa ya Seattle, akafungua kambi kando ya mto Yellowstone. Ndiyo mwanzo wa KOA, mtandao wa kambi uliosambaa nchi nzima.

Biashara ikikua, kamati zinakufa. Mteja anakaa usiku mbili, hana muda wa kupiga kura ya nani asimamie kelele. Badala yake ukaja ubao wa kanuni getini, na juu kabisa ya ubao, saa za utulivu. Hata hifadhi za taifa za Marekani zina kanuni ya namna hiyo: kambini hairuhusiwi kupiga kelele zisizo za lazima kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na mashine kama jenereta au redio haitakiwi kuzidi desibeli 60 ukipima kutoka umbali wa futi 50. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti kelele kwa nchi nzima, na ofisi ikaundwa ndani ya shirika la mazingira kuisimamia. Miaka kumi haikuisha, serikali ya Reagan ikaikatia fedha ofisi ile. Sheria ipo hadi leo kwenye vitabu, ila mzigo ulirudishwa kwa majimbo na miji. Kwa lugha ya mtaani: kila mtu apambane na jirani yake.

Basi na mimi nikapambana na wangu. Jirani yangu wa kushoto alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miaka kama 60, ndevu nyeupe, alikuja kwa mkataba wa ukarabati wa kiwanda kile cha mafuta. Kila siku saa 10 na nusu alfajiri wenzake walimfuata na pikapu ya dizeli. Wanaegesha mlangoni kwake, yaani dirishani kwangu, injini inanguruma, redio inaimba, dakika 20 nzima hadi amalize kahawa. Mimi nilikuwa natuma habari Dar es Salaam kufuata saa za huko. Saa 5 usiku ya Texas ni saa 1 asubuhi ya nyumbani, mhariri ndiyo kwanza anafungua kompyuta. Nilikuwa nalala saa 8 usiku. Hesabu mwenyewe.

Nilijaribu yale ambayo kila mtu hujaribu. Vizibo vya masikio vinapunguza sauti za watu, lakini mngurumo wa dizeli hauji kwa masikio peke yake, unapanda kwa sakafu na fremu ya kitanda. Feni iliyowashwa usiku kucha ilisaidia kiasi, maana sauti moja isiyobadilika inafunika zile za kushtukiza. Nikahamishia kichwa upande wa pili wa kitanda. Nikaweka blanketi zito dirishani. Vyote hivyo ni nafuu, si tiba.

Nikaenda ofisini kuuliza. Msimamizi, mama mmoja mkarimu tu, akanipa fomu ya malalamiko. Kanuni ilikuwa wazi: malalamiko matatu ya maandishi, mtu anaondoka. Nilirudi na fomu mkononi, na bibi mmoja wa trela ya kulia, aliyekuwa ameishi pale miaka sita, akaiona. Hakunikataza. Alinisimulia tu kuhusu mtu wa mwisho aliyeondolewa kwa fomu hizo. Pikapu yake ilikuwa mbovu, haikuweza kuvuta trela. Ikabidi aiuze trela palepale kwa bei ya kutupa, akaondoka na mabegi mawili. Kosa lake lilikuwa mbwa anayebweka.

Hapo ndipo historia yote niliyokuwa naisoma ilipokaa mezani kwangu. Watu wengi wa RV hawana ulinzi wa mpangaji wa kawaida. Inategemea jimbo, na inategemea umekaa muda gani. California, kwa mfano, inawagawa wakazi wa viwanja hivi kwa madaraja: aliyekaa hadi siku 30 ana haki kidogo, aliyevuka siku 30 ana zaidi, na anayefikisha miezi 9 ndiye anayehesabiwa mkazi hasa. Haki inakua kama ndevu. Fundi wangu alikuwa na wiki tano pale. Fomu yangu ingeandikwa “kelele”, lakini ingesomeka “makazi”.

Kwa hiyo nilimsubiri Jumapili, siku ambayo hakwenda kazini, nikamfuata na chupa ya chai ya tangawizi. Nikamwita “bwana”, kwa heshima, kama wanavyoitana wanaume wa kule, naye akaniita hivyohivyo. Nikamweleza saa zangu za kazi. Alishangaa kwamba kuna mtu anayelala saa 8 usiku kwa hiari yake. Akasema alidhani trela yangu haina mtu alfajiri, kwa kuwa huwa giza. Kuanzia Jumatatu wenzake wakawa wanamsubiri getini, yeye anatembea na kikombe chake cha kahawa mita mia mbili. Ndiyo ikawa suluhisho lenyewe. Hakuna desibeli iliyopimwa.

Ningependa kuishia hapo, ila sitakuwa mkweli. Baada ya wiki sita mkataba wake ukaisha, akafunga trela yake, akapunga mkono, akaenda Louisiana. Kesho yake alikuja kijana mwenye spika kubwa kuliko friji yangu, na ikabidi tuanze upya: chai, salamu, maelezo ya saa. Huyo naye alikaa mwezi mmoja. Nilikuja kuelewa kwa nini ubao wa kanuni ulishinda kamati. Ujirani ni kazi ya kujengwa, na mahali ambapo kila mtu ana magurudumu, kila unachojenga kinaondoka na mwenzako. Magurudumu yaleyale yanayosifiwa kwamba yanakupa uhuru wa kumkimbia jirani mbaya ndiyo yanayokunyang'anya jirani mwema.

Hili Jessica Bruder aliliona. Kitabu chake Nomadland cha 2017, kilichozaa filamu ya Chloé Zhao iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021, kinawafuata wazee wanaohama na magari kutoka kibarua hadi kibarua. Wengi walioangalia filamu wanakumbuka machweo na majangwa. Mimi nilichoka nayo kidogo kwa uzuri wake. Kitabu kina jasho zaidi: kinaonyesha watu wanaokutana kila msimu wa baridi Quartzsite, Arizona, na kujaribu kwa makusudi kuwa majirani, wakifundishana wapi pa kuegesha na namna ya kuishi bila kusumbuana. Na kwa taarifa yako, kwenye makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ndogo yenye ngamia juu yake. Amelala hapo Haji Ali, mtu kutoka dola ya Uthmaniya aliyeletwa miaka ya 1850 kuhudumia ngamia wa jeshi la Marekani, na ambaye Waamerika waliposhindwa kulitamka jina lake walimwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902. Mji wa wasafiri unamlinda msafiri aliyewatangulia wote.

Msomaji wa Dar, Mombasa au Bujumbura atakuwa anajiuliza: sasa sisi hili linatuhusu nini? Sisi ambao tumekulia kwenye nyumba za vyumba sita, ukuta wa kati haufiki kwenye bati, na ugomvi wa chumba cha kwanza unafika chumba cha sita ukiwa na nyongeza. Naona linatuhusu sana. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, zina desibeli na faini. Sizibezi, baa inayopiga muziki hadi alfajiri inahitaji kukutana nazo. Lakini mtaani kwetu, kabla ya desibeli, tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Mfumo ule wa miaka ya 1960 ulikuwa wa chama, ulikuwa na upelelezi wake na ubabe wake, tusiupambe. Ila mtu aliyesumbuliwa na redio alikuwa na pa kwenda kabla ya polisi, na anayemwendea alimjua mwenye redio, mkewe na deni lake la duka. Leo vyumba vya kupanga vinageuka kuwa vya miezi mitatu mitatu, wapangaji hawajuani majina, na tunahamia kwenye ubao wa kanuni bila kuwa na magurudumu.

Kule Arvin baadhi ya majengo ya kambi ya Weedpatch bado yamesimama: maktaba, posta na ukumbi wa jamii. Ukumbi ni wa mbao, wa kawaida, huwezi kugeuka kuutazama ukipita. Watu waliokuwa wanalala kwenye mahema walikutana kwenye ukumbi wa namna hiyo kujadili nani anaacha maji yakitiririka na nani anapiga fidla usiku, na Jumamosi waliviweka viti pembeni wakacheza.